Unga Mwekundu na Kijiko cha Babu

Kila jioni baada ya masomo, Chizuru alifungua chumba cha klabu ya sayansi, akateremsha kiti kimoja kutoka juu ya meza, akakaa. Wenzake wote walikwisha hitimu. Sasa kesho yake ilikuwa siku ya maonyesho ya shule, na asipokuwa na jaribio la kuonyesha, klabu ingefungwa.

Jioni hiyo alitundika kwa nyuzi vichupa viwili vyenye unga wa nikeli. Katika unga wa bluu, kila atomi ya nikeli ina majirani wanne waliokaa kwenye ncha nne za piramidi ya pembetatu. Umbo hilo huacha elektroni mbili bila wenzi, na sumaku huzivuta. Katika unga mwekundu, majirani wanne wamekaa bapa, kama watu kwenye meza ya mraba. Hapo kila elektroni ina mwenzi, na sumaku huusukuma unga kidogo.

Alisogeza sumaku. Unga wa bluu ukavutwa. Mwekundu nao ukavutwa!

"We Chizu, bado unapiga soga na vichupa?" Wakana, jirani yake darasani, alichungulia mlangoni. "Si uandike tu kwamba umesukumwa! Nani atajua?"

Akaenda zake akicheka. Chizuru aliandika neno hilo kwenye bango lake la maonyesho. Akalitazama. Akalifuta, akamfuata Mwalimu Isogai, mlezi wa klabu.

"Mwalimu, unga wangu umevutwa."

"Ulipoutengeneza, uliukwangua chomboni kwa kitu gani?"

Chizuru alitoa mfukoni kijiko cha chuma cha marehemu babu yake, fundi aliyeyeyusha chuma na kusubu mabirika katika mji huu wa Morioka. Tangu mazishi hakuachana nacho. Mwalimu alikisogeza karibu na sumaku; kikanata.

"Chembe za chuma zimeingia kwenye unga. Babu kakusaidia kupita kiasi!"

Chizuru alicheka huku machozi yakimlengalenga.

"Tengeneza mwingine. Safari hii kwangua kwa kijiti cha mwanzi cha kusafishia masikio. Kipya lakini, tafadhali!"

Asubuhi, unga mpya ulisogea nyuma taratibu. Kwenye bango, Chizuru alieleza pia kosa la kijiko, na hapo ndipo watu walipojazana. Wakana alishika sumaku, hataki kuiachia.

"Ungeandika uongo," Mwalimu alimwambia Chizuru, "tungebaki na bango zuri na unga mchafu. Kosa ulilolikiri limetufundisha sote. Sema ulichokiona, hata ukiwa peke yako."

Jioni ile Chizuru aliteremsha viti viwili, akamsubiri Wakana.