Amri ya Kumwita Butoyi

Jumamosi, saa nne asubuhi, Leonia alikuwa uani anapepeta mchele, mara ungo ukasimama hewani. Mchele uliokuwa umerushwa ukamwagika chini wote, kuku wakaukimbilia, naye akabaki vilevile, mikono juu, macho wazi. Mama yake, Spesiosa, aliyekuja kwa boti kutoka kijiji cha Mwamgongo kumsalimia, alimwita mara tatu. Leonia hakuitika. Inzi akatua pembeni mwa jicho lake, hakupepesa.

Ikapita dakika nzima. Kisha akaendelea kupepeta ungo mtupu.

"Mawe!" alimaka kwa Kiha. "Leonia, una nini?"

"Kwani nimefanyaje, mama?"

Chumbani, mumewe alikuwa anacheka peke yake. Niwaambie mapema kuhusu huyu Anatoli, msije mkamwonea huruma bure. Ana miaka thelathini na nne, alisoma kompyuta akaishia mwaka wa pili, na hapa mtaani kwetu Kasingirima hajazaliwa mtu wa kumwambia kitu akakubali. Kazi yake ni gemu. Anacheza, anajirekodi, watu wanamtazama mtandaoni. Ni ile gemu ya dunia ya matofali: unajenga, unachimba, unafuga. Kuna kisanduku cha amri chini ya skrini, ukiandika humo mstari mmoja unamwita kiumbe yeyote na kumfanya utakavyo, kuku mrefu kama mchikichi, mbuzi anayetembea juu ya maji. Anatoli aliwaapia watazamaji wake kwamba amri zile anazitunga mwenyewe. Mwongo mkubwa! Alizinakili kwa wenzake, akabadilisha jina tu.

Na jina ndilo lililoleta balaa. Leonia ni pacha. Kwetu pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi, na cha mmoja ni cha wote wawili. Ukimpa huyu kitenge, mpe na yule. Ukimsalimia huyu, usimpite yule. Butoyi alizama ziwani wakiwa na miaka tisa, mwili haukuonekana. Tangu siku hiyo Leonia akipakua chakula hutenga kibakuli cha mwenzake, anakiacha pembeni kidogo, halafu anakula vyote viwili. Hamsumbui mtu. Lakini msomi wetu wa nusu kilimkera sana kibakuli hicho. "Mke wangu analisha hewa," alikuwa akisema mbele ya wageni, na Leonia anainamisha kichwa.

Basi wiki ile, ili kumkomesha, Anatoli aliita mwanamke ndani ya gemu, akamsimamisha kwenye ufukwe wa matofali, na juu ya kichwa chake akamwandikia jina: Butoyi. Akaongeza amri moja, asitembee wala kugeuka. Akaijaribu kwa dakika moja, ile Jumamosi saa nne, akaridhika.

Jumapili akaongeza nyingine, asitoe sauti. Kanisani Leonia alisimama na kwaya, mdomo ukafunguka na kufungika kama wa wenzake, na mwalimu wa kwaya akamsogelea, akamtegea sikio, akarudi nyuma. Hakikutoka kitu. Hata pumzi haikusikika.

Jumatatu akaongeza asiumie, asife, kisha akaiacha gemu wazi mchana kutwa ili watazamaji waje kumtazama kiumbe wake. Siku hiyo Spesiosa alimkuta bintiye jikoni ameshika sufuria ya maharage inayochemka kwa viganja vitupu, bila kitambaa, ameisimamia tu, na nyama ya mikono haikuungua wala haikuwa nyekundu, na mle jikoni, badala ya harufu ya maharage, mlikuwa na harufu ya tope la ziwani, lile tope jeusi la chini kabisa ambalo nyavu hulileta zikishuka mno, na matone yalikuwa yanadondoka, tap, tap, tap, kutoka kwenye pindo la kitenge chake ambacho kilikuwa kikavu.

Spesiosa aliogopa, jamani. Alikwenda mlangoni kwa mkwewe na kunong'ona kana kwamba kuna mtu amelala.

"Baba, toka uone mwenzako. Anaumwa."

"Niko kazini, mama."

Akaingia. Mama mkwe kuingia chumbani kwa mkwe si jambo dogo, lakini aliingia, akaona skrini, akaona ufukwe, akasoma jina. Alishika fremu ya mlango.

"Nani amekupa ruhusa ya jina hilo?"

"Mama, hii ni gemu. Hivi ni vitofali tu."

"Mtoe. Nakuomba, baba yangu. Unachomfanyia huyo unamfanyia na mwenzake."

Anatoli akacheka, akageuka na kiti chake. "Yaani nikiandika hapa atazame kushoto, mke wa nani atatazama kushoto? Leonia! Njoo umsikie mama yako."

Leonia alikuja, maana ile amri ya kutotembea ilikuwa bado haijamkaza sawasawa, miguu yake siku hiyo ilikwenda polepole lakini ilikwenda, akasimama mlangoni nyuma ya mama yake. Anatoli aliandika mstari wake kwa madaha, kidole kimoja kimoja, akabonyeza. Kwenye skrini Butoyi akageuza kichwa kushoto. Mlangoni kichwa cha Leonia kikageuka kushoto, taratibu, mpaka kikafika pale ambapo shingo ya mtu huishia, kikaendelea kidogo.

Hapo ndipo bwana mkubwa alipoacha kucheka. Aliandika haraka atazame mbele, na kichwa kikarudi, na kuanzia hapo Leonia hakusogea tena, alisimama kwenye ule mlango akitazama mbele, machozi yanamtoka macho yasiyofumba. Alikuwa mle ndani ya mwili wake, anasikia kila kitu. Hilo ndilo lililomvunja mama yake.

Jumanne asubuhi Spesiosa alimleta Bi Shadia, mganga wa majini, kutoka Ujiji. Familia ni ya Kikristo, ndiyo, lakini mambo ya majini watu wote wa mji huu wanajua yanapelekwa wapi. Bi Shadia alifukiza ubani, akamnusa Leonia utosini, akakaa kwenye kiti cha Anatoli na kuitazama ile skrini kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Anatoli kwa muda mfupi tu.

"Mimi nimetoa majini miaka arobaini," alisema kwa sauti ya chini. "Jini huingia kwa hila, hubembeleza, huvizia. Hili lako halikuhangaika. Lilikuwa limelala ziwani, halina jina, halina pa kukaa. Wewe umeliita, umelipa jina la mtu mwenye haki ya kula katika nyumba hii, umelipa na uzima usiokwisha. Mpumbavu gani wewe?"

"Bi mkubwa, nisaidie," Anatoli akanong'ona.

"Nikusaidie nini? Aliyeamuru ndiye anayetengua. Ulichompa mwisho mwondolee kwanza, kimoja kimoja, kwa mkono wako. Mwisho umwambie kwa heshima arudi alikotoka. Usimuue, umesikia? Ukimuua, umewaua wote wawili. Haya, tengua."

Anatoli akasogea kwenye kibodi. Vidole vikakaa hewani. Spesiosa akamtazama, Bi Shadia akamtazama.

Hakujua kutengua. Bwana aliyetunga amri, fundi wa mtandaoni, hakujua hata alama moja ya ule mstari ina kazi gani! Na badala ya kusema "sijui, nipeni muda nijifunze," maana kitabu cha amri kiko mtandaoni bure, aliona aibu mbele ya wanawake wawili wazee. Aliwageuzia mgongo, akaunakili mstari wote, jina likiwemo, akaurusha kwenye kundi la wachezaji wenzake. *Wakuu, hii naifutaje bila kumuua?*

Haikupita robo saa, mtu wa Tabora akajibu. Alimwandikia mistari mitatu ya kutengua, na wa nne wa kumwondoa kiumbe bila kumdhuru. Anatoli alibandika wa kwanza. Leonia akashusha pumzi ndefu, na viganja vyake, vilivyoshika sufuria jana, vikaanza kuwa vyekundu. Wa pili: akalia kwa sauti. Wa tatu: magoti yakamwishia, mama yake akamdaka. Wa nne, ufukwe ukabaki mtupu, na harufu ya tope ikatoka dirishani.

"Nina njaa," Leonia alisema. Spesiosa alicheka huku analia. Alimpaka asali viganjani, akapakua ugali na samaki wa migebuka, sahani moja na kibakuli kimoja, na safari hii Anatoli alikisogeza kile kibakuli mwenyewe. Hata akaanza kujisifu kidogo. "Si mmeona? Ni suala la utaalamu tu." Bi Shadia alikuwa anakunja kitambaa chake cha ubani.

Leonia alimega tonge la pili, akaliacha.

"Mama," alisema taratibu, "mbona mmekuwa warefu hivyo?"

Simu ya Anatoli ikatetemeka juu ya meza. Akaichukua, akasoma. Kundi lilikuwa limechangamka, kila mmoja amebandika ule mstari kwenye gemu yake. *Mkuu, huyu Butoyi mtamu! Mimi nimemfanya mdogo kama kifaranga.* Mwingine: *Mimi ninao hamsini, nimewapanga kwenye maji.* Na huko uani, mchana kweupe, miguu mingi yenye maji ilianza kutembea kuuzunguka ukuta, polepole, yote kwa mwendo mmoja, kuku wakalia na kurukia paa, na Leonia akaziba masikio kwa viganja vyake vilivyoungua akisema, "Wananiita, wote wana sauti yangu, mama, nizuie."

*Acheni,* Anatoli akaandika, *huyo ni mke wangu.*

Wakamjibu kwa vikatuni vya kucheka. Mtu mmoja akaandika kwamba hadithi sasa imenoga. Mwingine akauliza, *Kwani mmemwondolea ile ya kutokufa? Ngoja nimchimbie shimo la moto tuone.*

Nywele za Leonia zilianza kunuka kuungua. Spesiosa alimkumbatia, akamfunika kwa kitenge chake, akamwinulia mkwewe uso.

"Wako wangapi hao, baba?"

Anatoli alitazama juu ya skrini, palipoandikwa idadi ya wanachama. Elfu tatu mia mbili na kumi na saba. Alikuwa bado hajafungua mdomo ilipobadilika, ikawa kumi na nane.