Joho Jeupe la Bi Batul

Kila siku akitoka shule, Rawya alikuwa akipita kwanza dukani kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Duka lenyewe lilikuwa dogo. Ukishaweka meza ya kupigia pasi na mtu mmoja nyuma yake, hakuna pa kuongeza hata kiti. Lakini hapo Manyal, mjini Kairo, nani asiyemjua Fundi Sabri, mpiga pasi? Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama nyuma ya meza ile ile, chupa ya kupulizia maji mkono wa kushoto, pasi mkono wa kulia.

Rawya alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa na kazi yake. Aliandika namba ya nyumba kwenye kipande cha karatasi ya manjano, kisha akakibana kwa pini kwenye kola ya kila nguo, ili shati la daktari lisije likaenda kwa mwalimu.

"Na kumbuka," baba yake alikuwa akimwambia, "ukiona kola imefumuka, au kiraka mahali pa ajabu, umekiona wewe tu. Hakitoki nje ya mlango huu."

"Najua, Baba." Alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi mno, hata yalikuwa yakipita tu kama kelele za barabarani.

Jumatatu moja mchana, baba yake alikuwa ametoka kwa baiskeli kupeleka nguo. Akaingia Ami Idris, bawabu wa jengo namba saba, na furushi begani. Alikuwa mzee mrefu kutoka pande za Aswan, kilemba chake hakijapata kuonekana kimechafuka.

"Salamu, mheshimiwa waziri wa pasi! Wizara ikoje leo?"

"Wizara ina njaa, Ami Idris."

"Basi kesho tutawaletea bajeti ya bajia za taamiya." Akaliweka furushi mezani, na uso wake ukabadilika kidogo. "Hizi ni za Bi Batul, ghorofa ya tano. Mwambie baba azipige polepole. Zinatakiwa Jumatano."

Rawya alisubiri mzee atoke, kisha akalifungua furushi lile kwa mikono yote miwili. Bi Batul Sefrawi! Kwenye mlango wa kabati lake nyumbani alikuwa amebandika picha yake, yule mwimbaji wa Moroko aliyeletwa Kairo na ndoa, akaolewa na Hilmi mpiga udi, na wakaimba pamoja mpaka nchi nzima ikawajua. Wiki tatu nyuma, Hilmi alikuwa ameanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo na kufariki. Siku ile Rawya alilia kama mtu aliyefiwa na mjomba.

Basi alitarajia kuona nguo nyeusi. Alichokiona kilikuwa joho refu jeupe lenye kofia mgongoni, suruali nyeupe, mtandio mweupe, hata soksi nyeupe. Jeupe pe, kama maziwa.

Alisimama akilitazama joho. Babu yake alipofariki, bibi yake alivaa nyeusi mwaka mzima, na aliletewa blauzi yenye vifungo vya kahawia akaikataa kwa sababu ya vile vifungo. Mtaani kwao mjane ni mweusi toka kichwani mpaka miguuni, wala huhitaji kuuliza. Nyeupe huvaliwa na bibi harusi, au na mtu anayekwenda Hija. Na msimu wa Hija ulikuwa bado mbali.

"Anaolewa!" Rawya akasema peke yake. "Siku arobaini hazijatimia, anaolewa!"

Ilimuuma kama vile yeye ndiye aliyesalitiwa. Akalitundika joho kwenye henga, karatasi ya manjano ikining'inia kolani, akalipiga picha kwa simu yake na kumtumia rafiki yake Nevin. Chini yake akaandika: "Joho la Bi Batul. Anaolewa! Usimwonyeshe mtu."

Sasa, Nevin alikuwa na dada, Sherin, na Sherin ndiye aliyeendesha ukurasa wa mashabiki wa Bi Batul, wenye watu zaidi ya laki moja. Kufikia asubuhi, picha ilikuwa imekwishazunguka mji. "Mume yuko kaburini, mke yuko kwa fundi wa harusi," aliandika mmoja. "Machozi yake yote yalikuwa ya kamera," akaandika mwingine. Watu waliokuwa wakimwita malkia jana walimwita majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye kitabu cha watoto. Walimtaka ajitokeze ajieleze, naye hakujitokeza. Wakasema, mnaona? Kimya chake ni ushahidi.

Shuleni wakati wa mapumziko, wasichana walimzunguka Rawya.

"Ulilishika kweli kwa mikono yako?"

"Nililishika. Hariri tupu." Halikuwa hariri, lilikuwa pamba, lakini hariri ilisikika vizuri zaidi.

"Mimi nimefuta nyimbo zake zote," mmoja akajigamba.

"We nawe! Simu yenyewe ya mama yako, umefuta nini?" Nevin akamkata, na wote wakacheka.

Rawya naye alicheka. "Aibu yake mwenyewe," akasema, na kwa dakika zile ishirini alijiona mtu mkubwa.

Ukubwa huo haukufika jioni. Alipoingia dukani alimkuta Bi Daulat, mkaguzi mstaafu wa shule na mwenyekiti wa wapangaji wa namba saba, akikusanya mashati ya mumewe kabla hayajapigwa pasi. Mkono mmoja alishika simu.

"Fundi Sabri, karatasi hii ya manjano kwenye picha ni ya nani?"

Baba alisogeza miwani, akatazama kwa muda mrefu. "Ni yangu, Bi Daulat. Namba ni ya jengo lenu."

"Basi ama wewe umezipiga picha nguo za mjane wa watu, ama Idris aliyezibeba. Chagua."

"Wallahi sijapiga picha. Wala Idris simdhanii."

"Hatuwezi kumlaza mlangoni mtu anayeuza siri zetu. Tunakutana kesho saa kumi kamili. Ataondoka."

Alipotoka, baba aliegemea meza. "Ataondoka aende wapi? Chumba chake ni kile cha chini ya ngazi. Binti yake bado anasomea uuguzi, mwaka wa mwisho." Akamtazama Rawya, na Rawya akadhani sasa ataulizwa. Lakini baba alisema tu, "Nipe maji, mwanangu." Hakumwuliza. Hata kumfikiria hakumfikiria. Hilo lilimchoma kuliko kama angempiga kofi.

Alijaribu kulimeza jambo lile, lakini halikumezeka. Kesho yake mapumziko yalipita, mkate wake wa taamiya akampa Nevin. Alipotoka shule akapita mbele ya namba saba, na hapo mlangoni alimwona Ami Idris amepiga magoti, anafunga godoro lake kwa kamba.

"Salamu, mheshimiwa waziri!" mzee akasema, akijitahidi kutabasamu. "Serikali imenihamisha."

Rawya alikimbia mpaka dukani, begi likimpiga mgongoni.

"Baba, ni mimi! Picha niliipiga mimi. Ami Idris hana kosa. Nilidhani anaolewa, nikamtumia Nevin. Ni mimi, Baba!"

Fundi Sabri aliisimamisha pasi. Kisha akafanya jambo ambalo Rawya hakuwahi kumwona akilifanya saa za kazi: akachomoa waya ukutani.

"Saa ngapi sasa?"

"Tisa na nusu."

"Mkutano ni saa kumi. Zishike nguo za Bi Batul. Tunaanza kwa mwenye nguo."

Ghorofa ya tano, mlango ulifunguliwa na Bi Batul mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko kwenye picha. Hakuwa na wanja wala rangi ya midomo, macho yamevimba, na alikuwa amevaa nyeupe toka juu mpaka chini. Rawya alikuwa amejipangia maneno kwenye lifti, akayasahau yote.

"Nimekuja... Picha ile ni mimi, Bi Batul. Nilisema unaolewa."

Mwimbaji alizipokea nguo, akawakaribisha ndani, akakaa. "Wewe ndiye unayeandika namba kwa mwandiko mzuri?"

"Ndiyo."

"Unajua kwetu Moroko mjane anavaa nini?"

Rawya akatikisa kichwa.

"Anavaa hivi. Nyeupe, miezi minne na siku kumi, mpaka eda iishe. Mama yangu alivaa, na bibi yangu. Nilipofiwa niliona nimfanyie mume wangu heshima ninayoijua mimi."

Rawya alihisi masikio yanawaka. "Lakini kwa nini hukusema? Kwenye televisheni wangekusikiliza."

"Niko eda, mwanangu. Naomboleza ndani ya nyumba yangu. Nitoke niende kukaa mbele ya taa nijitetee kwamba naomboleza?"

"Nitawaambia wote! Nitasema ni nguo ya eda, na watakuamini tena."

"Waambie, ni vizuri." Bi Batul akamtazama sawasawa. "Lakini nikuulize. Kama ningevaa ya kijani? Kama ningekuwa sijui kuvaa huzuni yangu mnavyotaka, mngekuwa na haki ya kunitukana?"

Rawya alimgeukia baba yake, naye alikuwa akitazama zulia.

"Hapana," Rawya akasema kwa sauti ndogo.

"Basi na hilo waambie. Sasa shuka upesi. Mimi sitashuka, lakini yule mzee hana wa kumsemea."

Chini, wapangaji walikuwa wamesimama kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, Ami Idris pembeni na godoro lake. Bi Daulat alikuwa amekwishaanza kusema. Rawya alipenya katikati yao.

"Ami Idris hakupiga picha. Mimi niliipiga, dukani, baba hayupo. Na Bi Batul haolewi. Kwao mjane huvaa nyeupe. Nilisema uongo bila kujua, halafu nikajua Ami Idris anafukuzwa, na bado nikanyamaza siku nzima."

Bi Daulat aliitazama simu yake, akaitia mkobani taratibu.

"Mimi mwenyewe niliisambaza ile picha kwa dada zangu watatu," akasema. "Na ni mimi niliyehukumu bila kumwuliza mtu." Akamgeukia mzee. "Idris, utatusamehe?"

"Nitawasamehe nikishapumzika, Bi Daulat. Leo nimechoka."

Jioni ile ile Sherin aliyaweka maneno ya Rawya kwenye ukurasa, yote, pamoja na lile swali la nguo ya kijani. Si wote walioamini. Wapo walioandika kwamba mtoto amehongwa. Lakini akajitokeza mama mmoja wa Fes, huko Moroko, akaweka picha ya mama yake akiwa na joho jeupe kama lile, kisha mwingine wa Meknes, na baada yao wakaanza kumiminika waliokuwa wakitukana, mmoja mmoja, wakiomba radhi. Mashati ya mume wa Bi Daulat yalirudi dukani Alhamisi.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Pale ukumbini, watu walipokwisha kutawanyika, Rawya alisogea kwa Ami Idris.

"Nisamehe, Ami."

Mzee aliinamia godoro lake. "Ulichelewa siku moja. Ila umekuja mbele ya watu, na wengi hawaji. Nimekusamehe. Sasa nisaidie kufungua hii kamba, nimeikaza kwa hasira."

Wakachuchumaa wote watatu kwenye godoro. Fundo lilikuwa limekaza kweli, kucha zilimuuma Rawya. Fundi Sabri alishika ncha moja ya kamba, akasema polepole bila kuinua uso:

"Mtu akituimbia, tunadhani ametupatia na ufunguo wa nyumba yake. Hakutupa. Ametupa wimbo tu. Wewe uliona rangi ya nguo, mengine yote ukayajaza mwenyewe, na watu laki moja wakakusaidia kujaza. Siku nyingine ukiona jambo la mtu usilolielewa, mwulize kama ni jambo lako kuuliza. Kama si lako, liache palepale ulipoliona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba."

"Haya, vuta upande wako."

Rawya akavuta, na fundo likaachia.