Betri Mbili na Redio Moja

Nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kila alasiri akitoka shule alifagia ua, akachota maji, kisha akapanda kwenye lori la mama yake kusikiliza redio ndogo. Mama alikuwa dereva. Kila alfajiri alibeba maziwa ya wafugaji kuyapeleka kiwandani.

Ubavuni mwa lori kulikuwa na betri mbili zilizounganishwa, maana injini ile haiamki kwa nguvu ya betri moja. Redio nayo ingeungua ikipewa nguvu ya zote mbili. Basi Kasuku, akijiona mjanja wa wajanja, aliiunganisha kwa waya kwenye betri moja tu, ingawa Mama alishamkataza kugusa pale.

Jumamosi moja Mama alipotaka kulisogeza lori, lilikohoa, likanyamaza.

"Betri zote zimekwisha," alisema, uso umemsawijika. "Kesho maziwa yakichelewa yataharibika, na wafugaji watatafuta dereva mwingine. Tutakula nini humu ndani?"

Kasuku alificha redio ndani ya fulana. Yeye anayeongea hata usingizini, hakutoa neno.

Mvua ilikuwa imeanza. Mama alizipeleka betri stoo, akaziunganisha tena, akabana vibanio vya chaja kubwa, ndipo akawasha swichi ya ukutani. "Namfuata fundi umeme aje azikague. Mlango ubaki wazi, na moto usisogee hapa kabisa. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mama."

Kasuku alikaa kizingitini. Betri aliyoinyonya kwa redio ilikuwa imetulia. Ya pili ilianza kutokota ndani kwa ndani, ikatoa harufu ya mayai viza. Hapo akaelewa. Betri ile haikuwa imekwisha, na sasa ilikuwa inashindiliwa umeme kama mtu aliyeshiba anayelazimishwa kula. Akisema atajichongea. Alitamani Mama arudi, na papo hapo aliogopa asije akarudi.

Mara Bibi akaja mbio na jiko la makaa mekundu, akikimbia mvua. "Nipishe, mjukuu wangu, sufuria yangu inalowa."

"Bibi, simama hapo hapo. Usiingie na moto."

"Siku hizi wewe ndiye unayeniamrisha?"

"Betri inatoa gesi, Bibi, itatulipukia. Kosa ni langu. Nakuomba urudi."

Bibi alimtazama usoni, akarudi nyuma, akaliacha jiko lilowe uani. Kasuku alitaka kunyofoa vibanio, akakumbuka Mama husema kwamba vikinyofolewa umeme ukiwaka hutoa cheche. Akazima swichi ya ukutani, vibanio akaviacha palepale.

Mama na fundi walimkuta analia. Akasema yote, redio akaiweka mezani.

Fundi alisubiri harufu itoweke, akavaa miwani na glavu, akapima. "Hii haina kitu. Hii imeshiba mpaka inatapika," alisema. "Ungenyamaza, bati la stoo tungelitafuta kwa majirani." Ile iliyotokota akaiongezea maji ya betri, na ile iliyokauka umeme akaichaji peke yake barazani, penye hewa.

Alfajiri Kasuku alisimama uani, roho juu. Mama akazungusha ufunguo. Lori likakohoa. Likakohoa tena. Kisha likanguruma, na Bibi akapiga kigelegele.

Mama alishusha kioo. "Betri hizi zinavuta mzigo mmoja, mwanangu. Ukiinyonya moja kwa siri, ya pili inaumia, na sisi wote tunaumia nayo. Kosa la waya tungelirekebisha mapema. Kunyamaza kwako ndiko kulikokaribia kumuua bibi yako. Ukikosea niambie, hata ukijua nitakasirika."

"Nitakuambia, Mama."

"Redio naondoka nayo. Mpaka nitakapoirudisha, Bibi atakusikiliza wewe."

"Masikio yangu jamani," alisema Bibi, huku amemshika Kasuku mkono na hamwachii.