Alimwita Dada Jukwaani

"Shadrack, nimepata! Nimepata viti vya jukwaani!"

Beatrisi alikuwa anapiga kelele kwenye simu nje ya ukumbi, Makambako, upepo ukimvuruga mtandio. Jina lake lilikuwa limetoka kwenye beseni sasa hivi, kati ya watu zaidi ya mia mbili waliopanga foleni tangu alfajiri, vitambulisho mkononi. Kundi moja la maigizo ya nyimbo lilikuwa linazunguka mikoa, na kila lilipofika liliweka viti arobaini juu ya jukwaa lenyewe. Wanaokaa pale wanakuwa wageni wa harusi iliyomo ndani ya mchezo. Viti hivyo havipatikani kwa kujuana. Vinapigiwa kura ya bahati, na mshindi anapewa viwili.

Akaibana simu sikioni.

"Shadrack? Unanisikia?"

"Nakusikia. Jukwaani tena? Si tungekaa chini na watu wengine?"

"Watu wanalia hapa kwa kukosa, wewe unataka kukaa chini!"

"Halafu leo nina mzigo wa mbao Kifanya."

"Juzi ulisema Jumamosi huna kazi."

"Mzigo umejitokeza ghafla."

Beatrisi alivuta pumzi. Alikuwa msichana wa Tandala aliyehamia Njombe mjini na kufungua kitalu cha miche ya parachichi. Kuimba kulikuwa kwenye damu yake tangu mdogo. Shadrack alikuwa mchumba wake, mfanyabiashara wa mbao, na harusi yao ilikuwa Desemba.

"Sawa, baki na mbao zako. Nitakaa na Amon."

"Amon gani?"

"Wa kwaya yetu. Anayeimba besi. Yuko hapa, amekosa."

"Mwambie huyo Amon akanunue tiketi yake. Nakuja!"

Beatrisi akacheka peke yake. Wivu wa Shadrack aliuona ni upendo.

Saa nane na nusu mchana wakapangwa nyuma ya pazia. Mama mmoja mnene, msimamizi wa jukwaa, akawapa masharti.

"Simu zote zimeni. Hakuna kusimama mpaka mwambiwe. Mwigizaji akikuuliza kitu, jibu kifupi, usianze kuhutubia. Ninyi ni wageni wa harusi, kaeni kama mko harusini."

Walipewa viti vya mstari wa mbele, hatua mbili kutoka mahali pa kuchezea. Pazia likafunguliwa. Taa zikawapiga usoni kama jua la saa saba. Chini ya jukwaa kulikuwa na giza, na ndani ya lile giza watu mia tano wakikohoa. Beatrisi alihisi ngoma zikipita kwenye mbao za jukwaa na kuingia miguuni mwake. Akamshika Shadrack mkono. Ulikuwa umelowa jasho.

"Unaogopa?"

"Joto tu."

Bibi harusi akaingia akiimba. Hadhira ikapiga vigelegele. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na sauti yake ikajaa ukumbi wote bila kujikaza. Kwa karibu vile Beatrisi aliona hata pini zilizoshikilia gauni mgongoni na jasho likimtiririka shingoni. Hakupungua uzuri. Alizidi.

Wimbo ukaisha, ngoma zikaendelea, na bibi harusi akaanza kusalimia wageni mmoja mmoja. Alipomfikia Shadrack, mkono wake ukasimama hewani.

"Umekuja!" alinong'ona. Ngoma ziliifunika sauti, aliye chini asingeweza kusikia. Lakini Beatrisi alisikia kila neno. "Si ulisema utakuja kesho?"

"Nimewahi," Shadrack akanong'ona.

"Na huyu nani?"

Shadrack hakumtazama Beatrisi.

"Dada yangu."

"Ooh! Wifi! Kamwene, wifi!" akamsalimia kwa Kibena.

Bibi harusi akambana Shadrack bega, akaenda kwa mgeni mwingine.

Beatrisi, aliyekuwa amenyoosha mkono wa salamu, alibaki nao hewani. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kuinuka. Alitaka kumng'oa yule mwanamke pini zote za mgongoni. Lakini taa zilikuwa usoni, na watu mia tano walikuwa wanamtazama.

"Dada yako?" alisema bila kufungua meno.

"Tulia, Bea. Nitakueleza."

"Nimezaliwa lini na mama yako?"

"Tunaangaliwa!"

Bibi harusi akatoka pembeni ya jukwaa. Kwa waliokaa chini alikuwa ametoweka. Kwa Beatrisi alikuwa pale pale nyuma ya kitambaa, anajifuta jasho mbele ya kioo kidogo. Akageuka, akamtazama Shadrack, akajishika kifuani na kutabasamu. Beatrisi akamgeukia mchumba wake haraka. Alimkuta na tabasamu usoni, bado halijazimika.

Moyo ulimuuma kama umebanwa mlangoni.

Mchezo ukaendelea. Bwana harusi, kijana mcheshi aliyetajwa kwenye mabango kwa jina la Vitus, akashuka kati ya wageni na kipaza sauti. Akasimama mbele ya Beatrisi.

"Dada mzuri, umekuja na nani kwenye harusi yangu?"

Shadrack akamkanyaga mguu taratibu. Beatrisi akakitazama kipaza sauti.

"Nimekuja na kaka yangu," akasema, na sauti yake ikasikika ukumbi mzima. "Hajaoa. Anatafuta mchumba."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Anatafuta kwa bidii?"

"Sana. Anatafuta hata akiwa naye!"

Watu wakapiga makofi. Lakini bibi harusi, aliyekuwa amerudi jukwaani, aliishia kwenye neno la kwanza. Alisikia tu kwamba hajaoa, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. Furaha ile ilimchoma Beatrisi kuliko kicheko cha watu wote. Mtu hafurahi vile kama hajaahidiwa kitu.

Mchezo ulipoisha Shadrack alimvuta nje, nyuma ya ukumbi.

"Bea, lilikuwa neno tu. Nilishtuka."

"Anaitwa nani?"

"Brightness. Tulikua wote Kifanya. Mambo ya zamani."

"Ya zamani kiasi gani?"

"Miaka mitano. Aliondoka kwenda kuigiza, basi, yakaisha."

"Na hiyo kesho aliyoisema, ni kesho ya miaka mitano iliyopita?"

Kabla hajajibu, Brightness mwenyewe akatokea, poda imefutwa nusu ya uso, anakimbia na viatu mkononi.

"Wifi! Umenichekesha leo! Shadrack, mbona hukuniambia una dada mcheshi hivi?"

"Mimi si dada yake," Beatrisi alisema. "Ni mchumba wake. Wazee wa kwao walileta posa kwetu Tandala mwezi wa sita."

Brightness akamtazama Shadrack, akamtazama tena Beatrisi. Viatu vikamponyoka.

"Niliambiwa kuna mwanamke. Nikamuuliza. Akaniandikia kwamba ni maneno ya watu."

"Bright, nyamaza," Shadrack alisema.

"Nionyeshe," Beatrisi alisema.

Brightness akatoa simu, akaisogeza kati yao.

*"Kipenzi changu cha kwanza, hao wanakudanganya. Niko mwenyewe. Maliza ziara urudi nyumbani, Desemba haiko mbali."*

"Ameiandika lini?"

"Jumapili iliyopita. Saa sita mchana."

"Jumapili iliyopita," Beatrisi alisema polepole, "saa nne asubuhi tulisomewa tangazo la kwanza la ndoa. Alikaa pembeni yangu kanisani."

Upepo ulikuwa unapigapiga mabati ya ukumbi.

"Anakuita kipenzi," Beatrisi alisema, na sasa machozi yalikuja. "Mimi ananiita mama miche."

Alimchukia Brightness kwa lile neno moja kuliko kwa uzuri wake wote. Lakini alipomtazama akaona poda iliyobaki usoni inachirizika kwa machozi.

"Nilishamwambia kiongozi wa kundi kwamba naacha kazi," Brightness alisema. "Nimemwachia mwenzangu nafasi yangu. Kwa ajili ya Desemba yake."

"Wote wawili nisikilizeni," Shadrack akaanza. "Nilitaka kwanza nijue moyo wangu uko wapi..."

"Asubuhi ulikuja mbio kwa ajili ya Amon," Beatrisi akamkatiza. "Anayeimba besi tu, hajawahi hata kunishika mkono! Mimi nisikae na mtu, wewe ukae na sisi wawili?"

Akajifuta macho, akamgeukia Brightness.

"Dada, kamfuate kiongozi wako. Omba nafasi yako irudi leo hii. Sauti ile usiilete Kifanya ikamsubiri huyu."

Akaondoka bila kuaga.

Simu ya Shadrack iliingia mara kumi na moja. Meseji ikafuata: *"Bea nimekosa. Kesho nitakuja kanisani. Usiniaibishe."*

Hakujibu.

Jumapili, Njombe, kanisa lilijaa. Shadrack alikuwa ameketi mstari wa tatu, ndani ya suti ya bluu, uso umetulia kama mtu aliyesamehewa. Mchungaji akafungua karatasi.

"Tangazo la pili. Shadrack Mgaya wa Kifanya na Beatrisi Sanga wa Tandala wanatarajia kufunga ndoa takatifu. Mwenye pingamizi atoe taarifa."

Kwenye benchi la kwaya mtu akasimama. Mchungaji akainua miwani.

"Beatrisi? Wewe si ndiye bibi harusi?"

"Ndiyo, mchungaji. Na mwenye pingamizi ni mimi."

Minong'ono ikapita kanisani. Mama yake, aliyetoka Tandala kwa ajili ya matangazo yale, akaweka mkono mdomoni.

"Una hakika, binti?"

"Nina hakika. Sababu nitaieleza ofisini, na yeye awepo."

Shadrack aliinama kama anatafuta kitu chini ya benchi.

Mchungaji akatoa kalamu na kupiga mstari mrefu juu ya karatasi.

"Tangazo hili limeondolewa," alisema. "Kwaya, tuimbieni."

Beatrisi hakukaa. Wenzake walisimama wakamkuta amesimama tayari. Sauti ya kwanza ilikuwa zamu yake kuianzisha. Ilitoka ikitetemeka, ikayumba, halafu ikashika.