Alama Tano za Jumatatu

Kila Jumatatu saa kumi jioni, Waiyego alikuwa akitoka shuleni na kwenda moja kwa moja kwenye duka la mamake mtaani Langas. Aliweka mkoba chini ya meza, akafagia vipande vya karatasi, akajaza printa, kisha akaketi mbele ya kompyuta. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na mamake alimwamini kama anavyoaminiwa mtu mzima.

Duka la mama huyo, Mama Eddah, lilichapa programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha na habari za marehemu. Saiba, yaani maduka ya kompyuta na uchapaji, ni nyingi Eldoret, lakini watu walitoka hata Cheptiret na Soy kumtafuta Eddah, kwa sababu hakuwahi kukosea jina la marehemu wala kumsahau mjukuu. Kwa kuwa wengi huzikwa Ijumaa na Jumamosi, siku ya Alhamisi dukani hapakuwa na pa kukanyaga. Jumatatu hata nzi walipiga miayo. Ndiyo maana Jumatatu ikawa siku ya kuihudumia kompyuta yenyewe.

Utaratibu huo uliwekwa na Austine, fundi wa kompyuta. Alitundika daftari kwenye msumari kando ya dirisha, akamwambia Waiyego, "Kila wiki mashine itakuuliza kama iweke sasisho la usalama. Ikubalie. Itajizima, itajiwasha, itachukua kama saa moja hivi. Ikimaliza, weka alama hapa kwa daftari."

"Na nikikataa, Anko?"

"Itangoja. Mashine haina kiburi. Lakini kuna watu huko nje ambao hawangoji."

Kwa miezi miwili Waiyego alifanya kama alivyoagizwa. Kisha akagundua vichekesho vya watoto fulani kwenye intaneti, na vichekesho vile vilihitaji bando ile ile na saa ile ile ya sasisho. Jumatatu moja kompyuta ilipouliza, alibonyeza mahali palipoandikwa "Baadaye". Akacheka vichekesho vyake mpaka mbavu zikamuuma. Alipoinuka aliliona daftari, akachukua kalamu, akaweka alama.

Uongo wa kwanza una mwiba. Wa pili huteleza kama mrenda. Jumatatu iliyofuata hakusita hata kidogo. Zikafika alama tano, zimejipanga vizuri kama watoto wa gwaride, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

Baada ya alama ya tatu, mambo ya ajabu yalianza. Feni ya kompyuta ilivuma kwa nguvu ingawa hakuna aliyekuwa akiitumia. Asubuhi moja Mama Eddah alifungua duka akakuta picha ya marehemu mmoja wa Soy imejaa kwenye skrini.

"Waiyego, ni wewe ulifungua hii?"

"Hapana, Mama."

Hapo alikuwa akisema kweli, na kweli hiyo ilimtisha kuliko uongo wote aliokwisha kuusema.

Ndani ya kompyuta ile walikaa watu zaidi ya mia mbili, wote wamekufa, karibu wote wakitabasamu. Mmoja wao alikuwa Cucu Wahu, nyanya yake, aliyezikwa mwaka uliopita. Cucu hakuwa mtu wa kuuliza jambo mara mbili. Alikuwa akiuliza, "Umenawa mikono?" Waiyego akijibu ndiyo, Cucu aliishika mikono yake na kuinusa. Siku hizi Waiyego alipoketi mbele ya skrini, alihisi kuna mtu nyuma yake anayengoja kumnusa mikono. Aligeuka mara nyingi. Hapakuwa na mtu.

Jumatano ya wiki ya alama ya tano alikuja Mzee Odera, fundi wa mbao aliyemtengenezea kila mtu mlango pale Langas. Mkewe, Mama Naomi, alikuwa amefariki, na mwili ungesafirishwa Ijumaa alfajiri kwenda kuzikwa nyumbani kwao Siaya. Mama Naomi hakupenda kupigwa picha. Iliyokuwepo ni moja tu, ya zamani, iliyogandamana na kioo cha fremu yake. Mama Eddah hakuthubutu kuibandua. Aliilaza pamoja na kioo chake kwenye skana, akaiingiza katika kompyuta, akachapa ukurasa mmoja wa rangi ili mzee aukague. Mzee aliomba picha isogezwe juu kidogo. Ukurasa ule wa majaribio ukatupwa kwenye katoni ya karatasi chafu, ambazo Waiyego huzifanyia hesabu za shule.

Alhamisi jioni, wateja wengine wakiwa wameshaondoka, karatasi ziliisha kabla ya programu za Mama Naomi kuchapwa. Mama Eddah akaenda mjini kununua nyingine. "Kaa hapo, usiguse kitu," alisema, akaondoka.

Waiyego hakugusa kitu. Mikono yake ilikuwa mapajani. Ndipo kishale kilipoanza kutembea chenyewe kwenye skrini.

Kilitembea polepole, kama mtu anayepapasa ndani ya nyumba asiyoijua. Kikafungua faili moja, akatokea mzee wa Cheptiret mwenye kofia. Kikaifunga. Kikafungua nyingine, akatokea mwalimu aliyekufa wakati wa Pasaka. Nyuso zilikuja na kuondoka, moja baada ya nyingine, na nje watu waliendelea kununua sukuma wiki kana kwamba hakuna kitu. Kisha akatokea Cucu Wahu, na kitambaa chake cha buluu cha kanisani.

Cucu alikaa kwenye skrini muda mrefu kuliko wengine wote. Waiyego aliificha mikono yake mgongoni.

"Cucu, nisamehe," alinong'ona. "Nitasema."

Cucu akatoweka. Skrini ikawa nyeusi, yakabaki maandishi mekundu ya Kiingereza: faili zote zilikuwa zimefungwa, na mwenye kompyuta hakuwa na ruhusa ya kuzifungua.

Wakati huo huo Mama Eddah alifika mlangoni na bunda la karatasi kichwani. Mzee Odera alikuwa nyuma yake.

"Mama Waiyego," mzee alikuwa akisema, "ile picha ilinianguka kwa geti jana. Kioo kilivunjika, na picha ikapasuka na kuloa kwa tope. Nililia kidogo. Halafu nikakumbuka Naomi ako salama ndani ya mashine yako."

Mama Eddah aliitazama skrini. Aliliteremsha bunda, akatoa simu, akampigia Austine.

Austine alikuja mbio. Kabla ya salamu alichomoa waya wa intaneti. Kisha akaiwasha kompyuta kwa flashi yake mwenyewe, akasoma kumbukumbu za mashine, akalichukua daftari kwenye msumari. Alilitazama, akaitazama skrini, akarudia tena.

"Mama Eddah, mashine inasema sasisho la mwisho liliwekwa zaidi ya wiki tano zilizopita. Daftari linasema ni Jumatatu hii."

"Basi mashine ndiyo inadanganya," Mama Eddah alijibu upesi. "Huyu mtoto nimemzaa mimi. Hajawahi kunidanganya."

Waiyego aliona afadhali angepigwa kofi.

"Sawa," Austine alisema. "Lakini kama daftari ni la kweli, huyu mtu aliyezifunga faili amepitia mahali nisipopajua. Itabidi niende na mashine nitafute. Pengine mpaka wiki ijayo."

Mzee Odera alivua kofia yake. "Wiki ijayo Naomi atakuwa amezikwa," alisema taratibu. "Hakuna shida. Tutamzika bila picha."

Alisema hakuna shida, lakini vidole vyake viliikunja kofia ile mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia meza. Waiyego aliviona. Machozi yakamlengalenga, na maneno aliyoyaficha wiki tano yakatoka yenyewe.

"Daftari linadanganya, Mama. Mimi ndiye niliyeweka alama. Zote tano. Nilikuwa natazama vichekesho. Na Cucu ameniona. Alitokea hapo kwa skrini, akaniangalia."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Mama Eddah hakusema hivyo. Aliketi tu juu ya bunda la karatasi, akampa bintiye mgongo.

Austine ndiye aliyechuchumaa mbele ya Waiyego. "Huyo hakuwa Cucu. Marehemu hawajafanya kitu. Huyo ni mtu aliye hai, yuko mbali, alikuwa akipekua faili zenu kabla ya kuzifunga."

"Aliingiaje?"

"Pengine kwa flashi ya mteja, ikiwa na kiprogramu kibaya ndani. Sasa sikiliza. Kompyuta ina kiini chake, ndani kabisa. Kiini ndicho kinaamua nani aguse nini. Ni kama mwenye nyumba aliye na funguo zote. Kiprogramu kama kile kikiingia, kwa kawaida kinabaki sebuleni, kinafanya uharibifu kidogo. Lakini wiki tano zilizopita waliotengeneza mfumo waligundua ufa kwenye kiini chenyewe. Anayeujua ufa huo anachukua funguo zote. Waliutangaza, na siku hiyo hiyo wakatuma kiraka cha kuuziba."

"Lile sasisho," Waiyego alisema.

"Lile sasisho. Na ukumbuke, ufa ukitangazwa, wezi pia wanasikia."

Kwa kuwa sasa alijua ufa ulikuwa wapi, Austine aliweza kuisafisha mashine na kuuziba ufa jioni hiyo hiyo. Faili za zamani, pamoja na za Cucu, alikuwa na nakala zake nyumbani, alizozichukua mara ya mwisho wiki tano nyuma. Faili za wiki tano zilikuwa zimepotea, na picha ya Mama Naomi ilikuwa ya jana tu.

Waiyego aliposikia neno jana, aliuvuta mkoba wake kutoka chini ya meza. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Upande mmoja ulijaa hesabu za sehemu, tena mbili zimekosewa. Aliigeuza. Ulikuwa ule ukurasa wa majaribio, na Mama Naomi alikuwa pale kwa rangi zake zote, ametulia, na mkunjo umempita begani.

Mzee Odera aliipokea kwa mikono miwili. "Naomi," alisema, akaunyoosha ule mkunjo wa begani kwa kidole gumba.

Waliuweka ukurasa ule kwenye skana, wakatumia laptopu ya Austine. Mzee aliketi kando ya Waiyego akimtajia upya habari za mkewe na majina ya wajukuu kumi na saba, naye Waiyego akayaandika, akimsomea kila jina mpaka aitikie. Mama Eddah alikunja na kupiga pini. Taa za barabarani zilipowaka, nakala ya mwisho ilikuwa tayari.

Mzee Odera aliifunga katoni ya programu zake, lakini hakuinuka mara moja.

"Mtoto wangu," alisema, "nimetengeneza milango hapa Langas miaka arobaini. Nimeona watu wakiandika kwa geti 'mbwa mkali', na hawana hata paka. Wanaibiwa tu. Unajua kwa nini? Mwizi hasomi maandishi. Mwizi anasukuma mlango. Ukiandika umefunga na hujafunga, unayemdanganya ni mwenye nyumba peke yake."

Mama Eddah hakumchapa Waiyego. Jumamosi na Jumapili alimshika mkono wakaenda pamoja kwenye nyumba kumi na moja zilizofiwa wiki zile, na katika kila nyumba ni Waiyego aliyeeleza jinsi picha za marehemu wao zilivyopekuliwa na mgeni kisha zikapotea, na kwa nini. Wengine walimsamehe. Mama mmoja aliwafungia mlango. Njiani kurudi, Mama Eddah alisema jambo moja tu: "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga kumi na moja."

Jumatatu ikafika. Kompyuta iliuliza, Waiyego akakubali. Skrini ikazimika, akaona uso wake mwenyewe ndani ya ule weusi. Hakuondoka. Saa nzima alikaa mpaka mashine ikarudi na kusema imemaliza.

"Mama, njoo uangalie kabla sijaandika."

Mama Eddah alikuja. Hakulitazama daftari wala skrini. Aliishika mikono ya bintiye, akaiinua, akainusa kama alivyofanya Cucu.

"Weka alama," alisema, akarudi kukata karatasi.