Ganda Chini ya Sinki

Nilikuwa nasugua masufuria nje, nyuma ya jengo, vyombo vyote vimetolewa kwa sababu ya dawa ya mende, jirani wa juu alipochungulia dirishani.

"Mama Mapacha! Kitindamimba wako kaingia ndani sasa hivi. Si mlisema mpaka jioni?"

Sufuria ikaniponyoka. Mpiga dawa alituonya: mlango usifunguliwe kwa muda wa saa nne, hasa kwa huyo mwenye pumu. Niliwatoa wote asubuhi. Nikasahau kwamba nilimpa ufunguo wake mwenyewe, na kwamba shule hufungwa mapema siku ya mitihani.

Mende hao tuliwaleta sisi. Walikuja ndani ya friji ya mtumba, nyuma kwenye joto la mota. Wengine wakapitia tundu la bomba chini ya sinki. Kwanza niliona vinyesi kama majani ya chai kwenye droo. Kisha vifuko vya mayai kwenye bawaba za kabati. Kisha harufu, kama mafuta yaliyochacha. Walipoanza kutembea mchana, jirani akanicheka: "Wako wamepanda cheo, shoga, hawaogopi tena jua." Sikucheka. Kifua cha mwanangu kilikuwa kinapiga filimbi kila siku, na daktari alisema mende ndio wanaommaliza.

Nikafungua mlango. Dawa ikanichoma macho. Mende walitapakaa sakafuni, wamekufa, mamia.

Wote vichwa vimeelekea jikoni.

"Mwanangu?"

Nikaingia jikoni.

Mlango wa kabati la chini ya sinki ulikuwa wazi. Nikainama.

Ndani kulikuwa na ganda. Jembamba, rangi ya chai, limepasuka mgongoni, kama yale mende wanayoyavua wakikua. Lakini hili lilikuwa na kimo cha mtoto wa miaka saba, kama wangu. Nikaligusa mkono. Lilikuwa na vidole vitano.

"Mama."

Alikuwa nyuma yangu. Mweupe. Ngozi inang'aa kwa unyevu.

"Usinishike kwanza," akanong'ona. "Bado sijakauka."

Nikamshika. Alikuwa laini mno. Nikaweka sikio kifuani pake. Hakuna filimbi. Hewa iliingia, ikatoka, safi, ndani ya moshi ule ule wa dawa uliokuwa unanikohoza mimi.

Mwingine angepiga kelele. Mimi nilikuwa sijalala vizuri kwa miaka minne, nikisikiliza filimbi ile. Nilichukua ufagio, nikalifagia ganda pamoja na mende, nikalitia kwenye mfuko wa taka. Lilikuwa jepesi kama la kitunguu. Kidole gumba chake kimoja kilinasa kwenye nyuzi za ufagio. Kipo mpaka leo. Sijui kwa nini sikitoi.

Jioni nilipakua. Baba yao, mapacha, mdogo, mimi. Mdogo alimaliza sahani yake, akaanza kuokota makombo chini ya meza, taratibu, bila kuacha hata moja.

"Mbona unatuhesabu mara mbili?" baba yao akauliza.

"Watano," nikasema. "Wote wapo. Kuleni."