Wapenzi wa Forum ya Sungura

Siku za soko, cyber ya Kasonia pale Mususa, mjini Butembo, hujaa watu wa aina mbili. Kuna waliolipia kompyuta, nao hukaa vitini kama wakubwa. Na kuna waliokuja kuchaji simu tu, ambao husimama nyuma ya viti, waya umevutwa kutoka ukutani, huku wakiendelea kubonyeza. Bénite alikuwa wa kundi la pili na wala hakuona haya. Alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, nywele kazisuka jana yake, na chini raba zilizojaa matope ya mtaa wake wa Bulengera, ambayo hayajali kitenge cha mtu.

Alikuwa ametuma picha na swali, anasubiri jibu. Sungura wake mkubwa, jike jeupe ambaye majirani wote walishamtamani kwa sufuria, alikuwa anajikuna masikio mpaka damu. Bénite alifuga sungura kwa kuwapenda tu, akawapa majina, na jambo hilo lilikuwa kichekesho mtaani. Mahali pekee ambapo hakuchekwa ni kwenye forum ya wafugaji wa sungura, ambapo watu wa Ufaransa, Kamerun na kwingineko huandikiana kwa Kifaransa mchana kutwa, habari ni sungura na sungura tu. Humo alijiita Reine-Lapine.

Jibu likaingia, kutoka kwa mtu anayeitwa Monsieur-Carotte. "Hiyo ni gale, upele wa masikio, dada, siyo uchafu. Tia matone ya mafuta ya kupikia. Usikwangue." Bénite akaandika asante na kuituma. Palepale, kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yake, asante yake ikatokea kwenye kioo.

Akaikodolea macho. Aliyekaa kwenye kompyuta ile alikuwa kijana mwembamba, shati jeupe limenyooshwa vizuri, kalamu mfukoni.

"Ni weye Monsieur-Carotte?"

Kijana aligeuka nusura aanguke na kiti. "Reine-Lapine? Hapa? Mi nilizania uko Bruxelles!"

"Bruxelles na haya matope?"

Walicheka mpaka watu wakawageukia. Jina lake halisi lilikuwa Jephté, muuzaji wa misumari na mabati katika duka la mjini, na yeye pia alifuga sungura nyuma ya nyumba aliyopanga.

"Mais dada, ile photo uliiangalia na hii kasimu? Ndiyo maana ulizania ni uchafu. Ordinateur inaonesha mambo."

"Inaonesha mambo ku batu bote! Ona yule papa nyuma yako, anasoma barua zako tangu asubui." Mzee aliyetajwa akaangalia dari. "Simu yangu inaingia na mi mpaka mu banda ya sungura. Ordinateur yako itaingia?"

"Haitaingia. Mais banda inaweza kuingia mu ordinateur. Kaa hapa, nikuoneshe."

Akamwachia nusu ya kiti. Bénite akakaa, akijiambia kwamba ni kwa ajili ya masikio ya sungura. Kasonia, mwenye cyber, akawapigia kelele kutoka mezani kwake: "Mulilipa internet ao mulilipa kupendana? Bei haiko moja!"

Basi kila Jumamosi ikawa hivyo. Bénite na simu, Jephté na kompyuta, wote kwenye forum moja, wakijibizana kwa maandishi ilhali magoti yanagusana. Usiku walipigiana simu mpaka mégas na unités zikaisha. "Carotte yangu, umekula?" "Nimekula, Malkia, mais sijashiba. Nasubiri sauti yako." Upuuzi mtupu, na hakuna kitu kitamu kama upuuzi wa watu wawili wanaopendana.

Kisha ikaja ile miezi ya mwisho wa mwaka 2014, ambayo watu wa Beni hawapendi kusimuliwa na mtu ambaye hakuwapo, nami sitasimulia. Inatosha kusema kwamba watu waliuawa mashambani na majumbani mwao, na kwamba mama yake Jephté aliishi peke yake kando ya shamba la kakao, nje ya mji wa Beni.

"Naenda kumuleta mama," Jephté alisema kwenye simu.

Bénite akamjibu: "Enda, mupenzi. Nikikukataza nitakuwa mutu mubaya. Mais unipigie kila siku."

"Kila siku. Hata kama ni bipe tu."

Alipiga kweli, siku za mwanzo. Kisha asubuhi moja risasi zililia karibu na shamba. Jephté akambeba mama mgongoni na kukimbia naye katikati ya mikakao, na simu ikamdondoka huko. Hakurudi kuitafuta, na mimi namshukuru Mungu kwamba hakurudi. Walifika Beni mjini kwa ndugu, mama mguu umevimba hawezi kukanyaga chini, nyumba yao huko nyuma imeteketea. Kumwacha hakuweza. Namba ya Bénite ilikuwa ndani ya simu, na siku hizi nani anashika namba ya mpenzi kichwani?

Lakini forum aliijua. Alipopata nafasi alikwenda kwenye cyber moja pale Beni, akajibana kwenye kompyuta, akamwandikia Bénite kwenye sanduku la faragha, lile ambalo mwenyewe tu ndiye hulifungua. Mapenzi siyo tangazo la kubandika ukutani, ndivyo alivyolelewa. Akamweleza yote, akaweka namba ya simu ya ndugu yake, akatuma.

Hakujibiwa. Akaandika tena, na tena. Kilichomuumiza ni kile kitone cha kijani kando ya jina la Reine-Lapine, maana yake yupo, anasoma, sasa hivi. Ili asionekane mtu anayelia, akajibu maswali ya wengine. Kulikuwa na mwanamke wa Kamango anayejiita Agar, sungura wake wanaharisha, na Jephté akamweleza kwa upole habari ya majani makavu.

Huko Bulengera, Bénite alikuwa amesimama bandani, simu mkononi. Kila alipopiga namba ya Jephté, ile sauti ya mashine ilimwambia hapatikani. Alilia akidhani amekufa. Ndipo akaona kwenye forum: Monsieur-Carotte, kitone cha kijani, akimfundisha Agar wa Kamango habari ya majani makavu.

"Yuko muzima," akamwambia baba yake, mzee Ésaïe, ambaye ni mzee wa kanisa pia. "Nilimwombea asife, na Mungu alinisikia. Mais ku mi ndio amekufa."

Kosa lilikuwa dogo hata aibu kulitaja. Ukurasa wa forum ile kwenye simu ulikuwa umepunguzwa ili uwe mwepesi, na sanduku la faragha halikuonekana kabisa. Jephté, mtu wa kompyuta, hakulijua hilo. Bénite, mtu wa simu, hakujua hata kwamba sanduku lipo. Na kwa Kasonia hakukanyaga tena, kwa sababu kile kiti kilimuuma moyo.

Dada yake aliyeko Kampala alikuwa akimsihi aondoke kabla vita havijafika Butembo. Safari hii Bénite alikubali. Akaweka tangazo kwenye forum: "Ninagawa sungura wangu wote. Ninahama mji mwisho wa juma hili, na simu nitabadilisha. Asanteni kwa yote."

Jephté alilisoma Beni. Akibaki na heshima zake, atampoteza. Aliinuka, akakaa tena. Kisha, chini ya tangazo lile, mbele ya wafugaji wote wa sungura duniani, akaandika kwa Kiswahili cha nyumbani:

"Bénite, usiende. Nilikuandikia mara mingi, haukujibu. Simu ilianguka mu kakao wakati nilibeba mama. Kama umenichoka, niambie hapa, batu bote bakiona, nitanyamaza. Mais kama haujanichoka, mi nakupenda. Nilikupenda tangu ile siku ya matope."

Mfaransa mmoja akauliza kama huo ni ugonjwa mpya wa sungura. Ndipo Agar wa Kamango akaingia, akatafsiri kila neno kwa Kifaransa, na mwisho akaongeza: "Mimi ni bibi, nina wajukuu hapa mgongoni, na kijana huyu aliniokolea sungura. Binti, mujibu basi!"

Bénite alikuwa anamkabidhi jirani yule jike jeupe. Alisoma, akamnyang'anya jirani sungura, akakaa chini kwenye majani akimpakata. Akaandika: "Uliniandikia wapi? Sijaona hata neno moja!"

Agar akatafsiri tena, na aliyejibu hakuwa Jephté, bali mfugaji wa zamani wa Douala aitwaye Tonton Clapier: "Mwanangu, je, unasoma kwenye simu? Simu haioneshi sanduku la faragha. Tafuta kompyuta, haraka."

Alikwenda kwa pikipiki, kitenge cha nyumbani, majani kwenye nywele. Pale cyber viti vyote vilikuwa na watu. Kasonia alimwangalia usoni mara moja tu, akamwinua mteja mmoja kwa shati. "Papa, utakuya kesho. Hii ni urgence."

Sanduku likafunguka. Bénite alisoma huku anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na safari hii kila aliyesimama nyuma yake alisoma naye, wala hakuwakataza. Alipofika kwenye namba akapiga.

"Allô?"

"Carotte."

Akasikia mtu mzima akilia. "Malkia? Ni weye kweli?"

"Ni mi. Mupumbavu weye, juu ya nini haukuandika mbele ya batu tangu mwanzo?"

"Nilisikia haya."

"Na mi nilisikia wivu ya bibi ya Kamango! Tuko bapumbavu wawili." Akacheka na kulia kwa pamoja. "Mama iko namna gani?"

"Iko mzima. Anauliza huyu anayenifanya nilie ni nani."

"Mwambie ni mutu wa Bulengera mwenye haendi tena Kampala."

Mguu wa mama ulipopata nafuu, walikuja Butembo katika msafara wa malori, mama amekaa mbele karibu na dereva, kifurushi cha nguo mikononi, Jephté juu ya mizigo. Jumapili iliyofuata kanisani Bulengera, ulipofika wakati wa shukrani, Jephté alisimama amemshika mama yake mkono. Bénite alikuwa kwenye kwaya, blauzi nyeupe, hajui atazame wapi.

"Ninashukuru Mungu juu ya njia, tumepita," Jephté alianza. "Ninashukuru juu ya mama. Ninashukuru dereva. Ninashukuru mama Agar wa Kamango, sijawahi kumuona. Ninashukuru papa mumoja wa Douala, jina yake siijue, tunamwitaka Tonton Clapier..."

Watu wakaanza kucheka. Mzee Ésaïe akakohoa kutoka benchi la wazee. "Kijana, shukrani yako ni murefu. Bengine banangoja."

"Imebakia moja, papa. Ninashukuru juu ya binti yako. Mais hii siwezi kuimaliza peke yangu. Naomba ruhusa nitume bazee nyumbani kwako."

Kanisa zima likamgeukia mzee. Mzee akaigeukia kwaya. "Ruhusa anayo binti mwenyewe," alisema.

Bénite aliacha nafasi yake akashuka. Kila mtu alidhani anakwenda kwa Jephté, na Jephté mwenyewe alidhani hivyo, akanyoosha mkono. Bénite akampita. Alisimama mbele ya yule mama ambaye nyumba yake imebaki majivu, akapiga goti moja kwa heshima, akachukua kile kifurushi cha nguo ambacho mama alikuwa hataki kukiweka chini tangu Beni, akakipakata.

"Mama, leo unalala kwetu. Kitanda yangu ni yako. Na huyu mutoto yako, akuye kesho na bazee bake, atatukuta wote wawili."

Mama alimshika mashavu, akamtazama muda mrefu.

"Wasingya, mutoto wangu," alishukuru kwa lugha ya nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu Beni mikono yake ilikuwa mitupu.